Mzee Caleb Nyamongo, Aliyezima Greda Ili Watu Wabaki

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Mzee Caleb Nyamongo, dereva wa greda katika kambi yetu ya Kilomita Tisa nje ya Sindo, anafunga utumishi wa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Aliingia kazini tarehe mosi Machi 1992 akiwa na nywele nyingi. Anatoka na umri wa miaka sitini, meno yote isipokuwa mawili, na mgongo ambao siku hizi huinama kwa kubembelezwa.

Ofisi imeniomba niandike wasifu huu kwa ajili ya jarida la wafanyakazi. Mimi ni mchimba mitaro, na shule niliiacha kidato cha pili. Wapo waandishi wazuri kuliko mimi pale makao ya idara, lakini hao hawajakaa na Mzee Caleb. Mimi nimekaa naye miaka minane, chumba changu na chake vikitenganishwa na ukuta wa mbao.

Mzee Caleb ni mwana wa Kuria, kutoka kijiji kilicho juu kidogo ya Kehancha, watu wa tumbaku na ng'ombe. Kazi aliianzia Migori kama utingo wa lori la changarawe. Greda hakufundishwa na mtu. Alimwangalia dereva wa wakati huo kwa miaka minne, akahesabu leva kwa macho, na siku dereva alipougua malaria, akapanda akaendesha. Waliokuwepo wanasema alinyoosha kilomita mbili kabla ya mtu yeyote kugundua kwamba aliye juu si dereva.

Kosa lake la kwanza kubwa bado linaonekana kwenye ramani. Mwaka wa 1998, huko Kuria, alipewa barabara ya kutengeneza, na penye njia panda kibao kilikuwa kimeng'olewa. Akakata kulia badala ya kushoto. Alinyoosha barabara nzuri ya upana wa futi kumi na nane hadi katikati ya boma la mzee mmoja, akasimama mbele ya zizi. Yule mzee alikuwa ameiandikia serikali barua ya kuomba barabara miaka sita mfululizo. Alitoka nje, akamtazama Caleb juu ya mashine, akasema, "Kumbe mnasoma barua." Akaamuru jogoo achinjwe. Mzee Caleb anasema alishindwa kumwambia ukweli, na jogoo alikuwa mtamu.

Baada ya hapo alifanya kazi Oyugis, akarudi Migori, na mwaka wa 2009 akaletwa Sindo. Kambi ilikuwa na wafanyakazi kumi na wawili, greda moja, lori moja na jiko lenye moshi asubuhi na jioni. Barabara yetu ni ya udongo, inatoka ufukweni mwa ziwa inapanda hadi kwenye lami. Samaki wote wa upande huu hupita hapo. Katika miaka hiyo malori ya omena, dagaa wa ziwani, yalikuwa yakipanda usiku na mchana, na madereva wake walikuwa wakimpigia Mzee Caleb honi kama bwana harusi.

Sasa nifike kwenye miaka migumu, maana bila hiyo huwezi kumjua mtu huyu.

Ulikuja ugonjwa wa korona, soko likafungwa. Ugonjwa ulipopungua, pesa hazikurudi pamoja na watu. Vitu vikapanda, wanunuzi wakapungua, na kwenye redio tukaanza kusikia maneno ambayo hayakuwa ya watu wa jembe: mdororo wa uchumi, nakisi ya bajeti, kubana matumizi. Kambini tulidhani ni mambo ya Nairobi. Siku moja Injinia Priscah, mkuu wetu, akaja na waraka. Tulikaa chini ya paa la karakana, yeye kwenye kiti, sisi kwenye mifuko ya saruji, naye akatueleza bila kutuzungusha. Kwa hilo namheshimu.

"Mzee, nchi imekopa sana na mapato yameanguka," alisema. "Watu hawanunui, biashara zinafunga, kodi haiingii. Kile kidogo kinachoingia kinalipa madeni kwanza, halafu mishahara ya walioajiriwa, halafu kinachobaki."

"Na barabara iko mstari gani?" Mzee Caleb akauliza.

"Iko kwa kinachobaki."

"Na kinabaki?"

Injinia aliukunja ule waraka akautia mkobani. "Nisipokata dizeli, itabidi nikate vibarua. Siwezi kubeba yote mawili. Nichagulie, Mzee."

Vibarua tulikuwa sita wakati huo. Mzee Caleb aliitazama greda, akatutazama sisi. Ile mashine aliipenda. Alikuwa akiipangusa vumbi kwa shati lake kuukuu kabla hajanawa uso wake mwenyewe. Akasema, "Kata dizeli."

Tangu siku hiyo greda ilisimama, na dereva wa daraja la kwanza akachukua beleshi kama sisi. Ilibaki dizeli ya kuwasha injini robo saa kila mwezi ili isife kabisa. Hatukumsikia akilalamika, ila mkono wa kulia ulikuwa ukimwendea hewani anapozungumza, kama unatafuta leva.

Alikuwa na mawazo yake juu ya uchumi, nami nayaandika kama alivyoyasema kwa sababu nimeyaona yakitimia. Alisema shimo halijui kwamba kuna mdororo. Shimo la leo ni toroli moja la changarawe. Likipigwa na mvua mbili ni lori zima, na mwaka ukipita ni kalvati jipya. Serikali ikidhani imeokoa toroli, kumbe imejiandikia lori. Tena malori ya samaki yalipoanza kukwama, wanunuzi walihamia fukwe nyingine zenye njia nzuri. Sindo soko likapoa, ushuru wa soko ukashuka, na ushuru uliposhuka ukaja waraka mwingine wa kutaka tubane zaidi. Mzee Caleb alimwambia Injinia, "Mnafunga kidole kisitoke damu, mmefunga mpaka kidole kinakufa." Injinia alijibu kwamba hata yeye amefungwa kidole hicho hicho, na aliyeshika kamba yuko juu sana. Wote wawili walicheka, lakini hakuna aliyefurahi.

Mvua ndefu za mwaka jana zilikuwa za kutisha. Mitaro sita iliziba kwa siku moja, na maji yakaanza kulala barabarani kwenye mteremko wa mawe. Tulikuwa watu saba wenye mabeleshi. Hapo ndipo Mzee Caleb akaamua kuita saga. Kwa wasioijua, saga ni desturi ya Waluo: mtu mwenye kazi kubwa huwaita majirani waje kumsaidia siku moja bila malipo, na yeye huwalisha washibe. Wakuria nao wana desturi kama hiyo, na kwao mwitaji asiyelisha huaibika hadi kwa wajukuu. Sasa serikali haina fungu la kulisha saga. Kwa hiyo Mzee Caleb akampigia simu mkewe, Mama Truphena, akaagiza dume lake la kulimia liletwe kutoka Kehancha.

Walikuja watu karibu mia mbili. Wanawake wa omena, wavuvi, walimu, hata wachungaji wawili wa makanisa yasiyosalimiana. Kutoka alfajiri hadi alasiri, kilomita kumi na moja zilizibuliwa mitaro na kujazwa mashimo. Baadaye tukala. Sijawahi kuona barabara ya serikali ikitengenezwa na watu wanaoimba.

Hapa lazima niandike kosa lake la pili, na yeye mwenyewe ameniambia nisiliruke. Kila mwisho wa mwezi kambi hujaza fomu ya hali ya barabara. Kuna nafasi tatu: nzuri, wastani, mbaya. Mzee Caleb alitia alama kwenye nzuri.

Lynnet, kibarua mwenzetu kutoka Sindo, alimwona. "Jaduong', andika mbaya," alimwambia. Jaduong' ndivyo wanavyomwita mzee huku. "Ofisi hulisha anayelia."

"Nyathina," Mzee Caleb akajibu, maana alikuwa amejifunza Kijaluo cha kutosha kumwita mtu mwanangu, "watu mia mbili wamelima barabara hii, tumboni wana nyama yangu, halafu niandike ni mbaya? Nitawatazama vipi sokoni?"

Akaituma fomu. Mwezi wa Julai bajeti mpya ilipotoka, barabara yetu ilikuwa imeondolewa kwenye fungu la matengenezo. Sababu iliandikwa kwa mstari mmoja: hali yake ni nzuri. Vibarua wanne wakaachishwa kazi, akiwemo Jared wa Oyugis, ambaye tulikuwa tukilala naye chumba kimoja, na dereva wa lori akahamishwa pamoja na lori lake. Jared alibeba godoro lake kichwani hadi barabara kuu, na tangu siku hiyo sufuria yangu ya ugali imekuwa kubwa mno.

Mzee Caleb hakujitetea. Jumapili nne mfululizo alivaa koti lake la kanisani akaenda nyumbani kwa kila mmoja wa hao wanne kuomba radhi. Mama yake Jared alimkaribisha chai, akamwambia, "Mwanangu aliniambia kuhusu ile fomu. Ungeandika uongo angekuwa na kazi. Lakini kunywa chai." Mzee Caleb alinisimulia hayo aliporudi. Hakusema kama aliimaliza chai.

Mapema mwaka huu ikaja barua kwamba kwa vile Mzee Caleb anastaafu na uajiri mpya umesimamishwa, kambi isiyo na dereva wa greda itafungwa, mashine ivutwe hadi makao. Njia zilikuwa mbili tu. Ya kwanza, Mzee Caleb abaki kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, kwa malipo madogo. Ya pili, mmoja wa waliopo afaulu mtihani wa udereva kabla ya tarehe thelathini Juni. Waliopo tulikuwa mimi na Lynnet.

Mzee Caleb alikuwa tayari kubaki. Alimpigia Mama Truphena kumweleza, na kwa kuwa simu yake ina spika moja tu inayofanya kazi, ile ya nje, sote tulisikia jibu.

"Caleb, miaka thelathini na mitatu nakungoja. Umejenga nyumba hii na hujui mlango wake unafungukia upande gani. Hiyo barabara ulishailipia mahari ng'ombe mmoja. Sasa unataka kuhamia kwake kabisa?"

"Mama, si hivyo."

"Basi mfundishe huyo msichana."

Na ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu mimi macho yangu ya mbali si mazuri, na Lynnet hata beleshi alilishika kama mtu anayechora. Tatizo ni dizeli. Huwezi kufundisha greda bila kuiwasha, na tangu bajeti ya Julai hata ile dizeli ya robo saa hatukuipata tena. Mzee Caleb akaona hilo si tatizo. Kuanzia Februari, kila siku baada ya saa za kazi, Lynnet alipanda kwenye kiti cha mashine iliyozimwa, naye Mzee akasimama chini, akinguruma kwa mdomo.

Sitanii. Alikuwa na mngurumo wa tambarare, wa kupanda, na wa injini inayolemewa. Alipobadilisha sauti, Lynnet alipaswa kubadilisha gia. Alipoinamisha kiganja, Lynnet aliinamisha bledi, lile jembe refu la chuma lililo chini ya tumbo la greda. Mashine ilikuwa imetulia kama jiwe. Wanawake waliotoka ufukweni na ndoo za omena walisimama kutazama. "Jaduong' amerukwa na akili," mmoja alisema, "anaendesha gari kwa mdomo." Mwenzake akamjibu, "Acha wee. Si ndiyo serikali ya siku hizi? Barabara ya mdomo, dereva wa mdomo." Lynnet alicheka hadi akaachia leva. Mzee alikohoa, maana yake injini imezimika, anza upya.

Nitasema jambo ambalo halimo katika wasifu wa kawaida. Mimi kwetu ni Mutomo, Kitui, safari ya siku nzima na nusu. Hapa kila mtu ana lugha yake na jamaa zake. Mzee Caleb na mimi tulikuwa wageni wawili, na jioni tulizungumza Kiswahili, lugha ambayo si ya mama yangu wala ya mama yake. Hatukuwa na mengi. Tuliulizana kama mvua imenyesha kwao, kama mahindi yametoka kwetu. Lynnet hurudi kwake Sindo saa kumi na mbili jioni. Kwa hiyo tarehe kumi na mbili Juni, siku ya mtihani, niliamka nikaomba kimoyomoyo Lynnet ashindwe. Si kwa ubaya. Ashindwe kidogo, Mzee abaki mwaka mmoja.

Injinia Priscah alikuja na mtahini kutoka Migori, Bwana Mochama, na madumu mawili ya dizeli. Mtihani ulikuwa kunyoosha mita mia mbili za ule mteremko wa mawe, katikati pawe juu na pembeni pashuke ili maji yaingie mtaroni. Injini ikawashwa. Nilikuwa nimesahau ilivyo na kelele. Lynnet aliondoka vizuri, kisha akasita, bledi ikauma ardhi, mashine ikazimika. Akawasha tena, ikazimika tena. Nikaelewa kabla Bwana Mochama hajaelewa. Lynnet alikuwa amejifunza miezi minne kwa sauti ya Mzee, na sasa injini ya kweli ilikuwa imeifunika. Kila mara alikuwa akigeuza shingo kumtafuta pale chini.

Mzee Caleb naye alilijua hilo. Alinitazama, akasema, "Twende tukaangalie kalvati."

"Kalvati halina shida, Mzee."

"Twende."

Tukateremka hadi nyuma ya kona, mahali ambapo Lynnet hangeweza kumwona. Hakuna kalvati lililoangaliwa. Alisimama akiipa barabara mgongo, mkono wake wa kulia ukienda hewani. Tukaisikia greda ikiwashwa mara ya tatu, ikaanza kupanda. Midomo ya Mzee ilikuwa ikisogea bila sauti. Pale injini ilipobadilika kuwa ya kulemewa, aliinamisha kiganja. Kisha ikapata gia, ikaendelea, ikaendelea, hadi juu.

Tuliporudi, Bwana Mochama alipima kwa kamba na pimamaji, akapiga magoti mara tano. Alipoinuka akauliza, "Huyu amepata wapi dizeli ya mazoezi?" Lynnet alifaulu. Alishuka akamkimbilia Mzee Caleb, akamshika mikono yote miwili. Mzee akamwambia tu, "Ulichelewa gia ya pili." Kisha akakaa chini barabarani, akafungua kamba za viatu, akaniomba maji. Nilipompa kikombe aliniangalia. Nadhani alijua nilichokuwa nimeomba asubuhi. Alisema, "Usijali. Hata mimi niliomba kidogo."

Kambi haifungwi, angalau hadi bajeti ijayo. Kwa kuwa jarida hili linasomwa na wakubwa, naongeza kwamba barua ya Lynnet inasema atashika greda kwa malipo yale yale ya kibarua, kwani kupandishwa vyeo kumesimamishwa mpaka uchumi upate nafuu. Mzee Caleb alitaka hilo liandikwe bila kupambwa. Alisema nakisi mnajua kuihesabu kwa pesa, lakini mjaribu pia kuihesabu kwa watu.

Ninyi mliofanya naye kazi Migori, Kehancha na Oyugis mtamkumbuka kwa mambo yenu. Kwa miaka thelathini na mitatu hakuangusha mashine wala kumjeruhi mtu. Alifundisha madereva kumi, wa kumi akiwa mwanamke wa kwanza wa greda katika kanda yetu. Aliipenda serikali kuliko ilivyompenda, na sikumsikia akiidai kitu.

Mzee Caleb, kwa niaba ya Lynnet, ya Jared na wenzake watatu, ya Injinia Priscah aliyenituma, na yangu mwenyewe: asante. Nenda ukajue mlango wako unafungukia upande gani. Mwambie Mama Truphena tunamrudishia mtu mzima, amechakaa kidogo tu. Mungu akupe siku nyingi, tulivu na zenye kushiba. Na mvua kubwa ikinyesha huko Kehancha, usiamke, Mzee. Geukia upande wa pili ulale. Ya huku tutaamka sisi.

Levi, mchimba mitaro
Kambi ya Kilomita Tisa